Koki Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Wageni wametapika. Wote wawili, kila mmoja dirisha lake. Si barabara. Ni madumu yangu ya dizeli. Niliyapanga nyuma ya kiti chao, nikayafunika kwa blanketi safi, nikadhani blanketi linazuia harufu. Halizuii.

Lakini ningefanyaje? Ziwani ni mbali. Uwanda wote wa katikati hauna kituo cha mafuta, hauna hata kibanda cha kuuza maji. Tangi la gari hukupeleka, halikurudishi. Bila madumu unalala huko na fisi.

Nikiwa nasugua sakafu ya gari maegeshoni, akapita Taratibu. Huyu ndiye dereva mzee kuliko sote, anaendesha watalii tangu mimi navaa kaptula. Akanipa pole. Akasema gari zuri kama lile halistahili harufu ile. Najua maana yake. Analitaka.

Gari si langu, niandike ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma. Ni la mama mkwe. Aliachiwa na marehemu mumewe, ambaye alipeleka wageni ziwani maisha yake yote na hakuwahi kumpeleka mkewe hata mara moja, maana viti vilikuwa vya wageni. Taratibu ameshaomba kulinunua. Mama amesema hatoi jibu mpaka yeye mwenyewe apande, aende akalione hilo ziwa, arudi salama. Akiridhika na mimi, kadi ya gari inaandikwa jina langu. Asiporidhika, Taratibu.

Safari yake ni Alhamisi ya wiki ijayo. Na mama mkwe akitapika ndani ya gari lake mwenyewe, mimi uso nitauweka wapi?

Jumatano, 5 Juni

Nimepata dawa. Tangi la pili!

Fundi Cheche, mchomeleaji wa nyuma ya soko, ana tangi la lori bovu. Amesema linakaa vizuri kabisa chini ya bodi, upande wa nyuma. Mafuta yote chini, nje, hakuna dumu, hakuna harufu. Linaenda na kurudi na chenji inabaki. Nimemuuliza kwa nini madereva wote hawafanyi hivi. Amesema wengi wanafanya. Hilo nimelisahau makusudi.

Mke wangu amesema nimuulize kwanza Taratibu, kwa kuwa gari lake lina matangi mawili miaka nenda rudi. Nimemwambia mimi na Taratibu hatuulizani. Amesema kuuliza si ujinga. Nimejitia nasikiliza redio.

Alhamisi, 6 Juni

Cheche amefunga tangi. Mpira wa mafuta unatoka tangi la pili, unakuja mbele, unakutana na mpira wa tangi la kwanza kwenye koki moja ya mkono. Ukiielekeza kulia, injini inakunywa tangi la kwanza. Kushoto, la pili. Hata mtoto anaelewa.

Koki yenyewe nimeamua iwe chini ya kiti cha mbele cha abiria. Cheche alitaka kuiweka kando ya mguu wangu. Nimekataa. Mgeni atauliza maswali, na mimi napenda mambo yangu yawe ya siri. Nikiwa naendesha nainama kidogo, napeleka mkono wa kushoto chini ya kiti kile, nageuza, nimemaliza. Kiti kile huwa hakikaliwi na mtu. Wageni wote hukaa nyuma.

Nimejipongeza kwa soda mbili.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeshindwa kulala kwa furaha. Gari langu linazaa mafuta.

Sitanii. Nimelijaribu leo, nikitumia tangi la pili peke yake, njia ya machimbo, kwenda na kurudi. Geji inapima tangi la kwanza. Asubuhi mshale ulikuwa nusu. Nilipofika machimbo ulikuwa umepanda. Niliporudi ulikuwa umejaa. Naendesha, na tangi linajaa! Nimeligonga kwa konzi kuhakikisha. Limejaa kweli.

Nimepita maegeshoni nikawaeleza madereva wote. Nimesema ni namna ya uungaji, ni akili yangu na Cheche, siwezi kufafanua zaidi. Wamenizunguka. Mmoja ameomba kupiga picha uvungu wa gari. Taratibu peke yake hakuinuka kwenye kiti chake. Ameuliza jambo moja tu. Mpira wa kurudisha mafuta nimeupeleka tangi lipi?

Sikujua kuna mpira wa kurudisha mafuta. Nimemjibu kwamba nimeupeleka panapostahili. Watu wamecheka, nadhani walimcheka yeye.

Nimelaza gari uani kwa mama mkwe ili asubuhi alione. Nimeacha injini ikiunguruma muda mrefu nikimwelezea mama jinsi marehemu angejivuna.

Jumapili, 9 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Mama ameniita mapema nije nitazame matuta yake ya vitunguu. Tuta la kwanza lote limelowa dizeli. Kumbe wakati namhubiria habari za marehemu, tangi la kwanza lilikuwa limeshajaa na linamwagika kwenye mfuniko, kimyakimya, juu ya vitunguu vyake.

Ameniuliza ni nini. Mama mkwe akiniuliza jambo, mimi siwezi kumjibu hivihivi. Mimi nimelelewa kwamba mkwe ni mtu wa kumwogopa kwa heshima. Nikimwona, miguu inajikunja yenyewe. Ukweli ulikuwa kwenye ulimi kabisa. Nikasema ni dawa ya wadudu.

Amefurahi. Amesema wadudu walikuwa wamemshinda. Amenishukuru, ameniombea dua, akamwita jirani yake kuja kuona mkwe anavyomjali. Jirani akaomba dawa kidogo na yeye.

Nimempa. Chupa moja. Ningefanyaje, mama ameshanisifu mbele yake.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kwa Taratibu nikijifanya napita tu. Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, huo mpira wa kurudisha mafuta ni kitu gani.

Hakucheka, na hilo ndilo limeniuma. Amesema injini ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayochoma, na yanayobaki huyarudisha. Kwa kawaida hurudi tangi la kwanza. Basi rafiki yangu akivuta tangi la pili, nusu inachomwa na nusu inahamia la kwanza. Hakuna kinachozaliwa. Kinahama tu. La kwanza likijaa, kinachofuata kinakwenda barabarani. Dawa yake ni koki ya pili upande wa kurudisha, ili mafuta yarudi yalikotoka. Kazi ya asubuhi moja. Akaongeza kwamba vitunguu vya rafiki yangu avimwagilie maji mengi ya sabuni.

Amejuaje habari za vitunguu! Jirani huyo.

Cheche yuko tayari kufunga koki ya pili. Nimekataa. Madereva wote watajua wazo limetoka kwa Taratibu. Nina njia yangu. Nitatoka na tangi la kwanza, likifika nusu nageuza koki, la pili linaanza kulijaza, na kabla halijajaa nageuza tena. Ni suala la kuinama na kunyoosha mkono tu. Mwanamume anashindwa kunyoosha mkono?

Mke wangu ameuliza kama nimemwambia mama ukweli wa ile dawa. Nimesema nasubiri wakati mzuri. Amesema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimemwambia hii si maradhi, ni vitunguu.

Jumatano, 12 Juni

Matangi yote mawili yamejaa pomoni. Gari linang'aa. Nimejaribu koki mara nyingi sana, kulia, kushoto, kulia, kushoto, inaitikia vizuri mno. Vitunguu vya mama vimekuwa njano. Vya jirani pia. Mama anasema labda dawa ni kali. Nimekubali kwamba ni kali.

Kesho ni siku yenyewe. Tunakwenda na wageni wawili, mtu na mkewe, wapenda ndege. Nimepanga mama akae nyuma na yule bibi, kwenye mto laini. Nimemnunulia mto.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwenye jiwe uwandani. Niandike kwa utaratibu.

Mama alifika amevaa kanga mpya na viatu vya kutokea. Alinukia marashi. Nikamfungulia mlango wa nyuma, nikamwonyesha mto. Akasema hapana, nyuma kunamvimbisha miguu. Akapanda mbele. Akajiweka sawasawa, akaweka mkoba wake mkubwa katikati ya miguu, akashusha kanga mpaka kwenye vifundo, akasema Bismillahi twende.

Kiti kile.

Nilisimama nje nikiwa nimeshika mlango kama mlinzi. Nikakumbuka, palepale, kwamba jana niligeuza kulia na kushoto na nikaishia kushoto. Yaani tangi la pili. Yaani la kwanza, ambalo limejaa tayari, linaanza kumwagika tangu hatua ya kwanza.

Dawa ilikuwa maneno machache. Mama, naomba unyanyue miguu. Ndiyo hivyo tu. Lakini nilipojiona mwenyewe nimepiga magoti mbele ya mama mkwe, mkono wangu unapapasa chini ya kanga yake mbele ya wageni, mwili ukafa ganzi. Bora nipigwe viboko hadharani. Nikafunga mlango polepole. Nikawasha gari.

Nilijipa moyo kwamba atashuka njiani kunyoosha miguu. Hakushuka. Nilisimama penye kivuli, nikasema mahali hapa wageni hupenda kushuka. Wageni wakashuka. Mama akasema yeye amestarehe. Nikasimama tena penye mawe mazuri. Akasema atayaona kwa dirishani. Nikasimamisha gari mara ya tatu, nikasema huenda mtu anataka kujisaidia. Mama akanitazama kwa masikitiko, akaniuliza kama tumbo langu linanisumbua. Wageni nao wakanipa vidonge.

Kwenye kioo cha pembeni niliuona mstari. Mweusi, mwembamba, umenyooka nyuma yetu mpaka upeo wa macho. Yule bibi wa ndege alisema njia hii ina alama nzuri, huwezi kupotea.

Katikati ya uwanda gari likakohoa. Likakohoa tena. Likazima.

Tangi la pili kavu. La kwanza limejaa mpaka kwenye mfuniko. Kati ya gari na safari kulikuwa na mpindo mmoja wa kiganja, na juu yake ameketi mama mkwe.

Akauliza kuna nini, mwanangu. Nikasema injini inapumzika. Akasema haya, na yenyewe ni kiumbe. Akatoa tasbihi.

Jua likapanda. Wageni wakatandika turubai kwenye kivuli cha gari, wakaona ndege wa rangi ya buluu, wakafurahi kupita kiasi. Nikafungua boneti, nikatazama ndani, nikafunga. Nikafungua tena. Nikamwomba mama ashuke apate hewa. Akasema jua la nje ni kali, na goti lake likishapanda gari halipendi kushuka mpaka limefika. Akanipa maji yake mwenyewe ninywe. Yalikuwa ya mwisho kwenye chupa. Nikayanywa. Mtu huyu ananipenda, na mimi namwanika juani kwa ajili ya haya zangu.

Kisha vumbi kwa mbali. Halina haraka. Ni nani mwingine anaendesha hivyo?

Taratibu alikuwa anakwenda ziwani na wageni wake. Alishuka, akautazama ule mstari mweusi, akautazama mfuniko unaochuruzika, akaniangalia mimi. Alizunguka upande wa mama, akafungua mlango. Yeye na marehemu walikuwa kama ndugu, kwa hiyo mama kwake ni shemeji, na shemeji ni mtani. Akamwambia shemeji nyanyua hiyo miguu, umelalia mafuta ya watu. Mama akacheka, akanyanyua. Mkono ukaingia, koki ikalia krii. Akaja mbele, akapampu pampu ndogo ya mkono iliyo kando ya injini kutoa hewa kwenye mpira, akaniambia niwashe.

Likawaka. Palepale.

Mama akauliza kwani ilikuwa hilo tu. Taratibu akasema ndiyo hilo. Mama akanigeukia. Hakukasirika, laiti angekasirika. Alisema nimekaa hapa tangu asubuhi, mwanangu, si ungeniambia.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ya hapa ni ngumu sana.

Mafuta yaliyobaki yanatosha kurudi tu. Gari la Taratibu lilikuwa na viti vitatu vitupu. Amewachukua mama na wageni wote wawili. Mama amekwenda kuliona ziwa la mumewe kwenye gari la mtu mwingine. Amenipungia mkono dirishani. Nimebaki kwenye jiwe na mto mpya.

Ijumaa, 14 Juni

Nimerudi jana peke yangu. Sikuhitaji kutazama njia, nilifuata mstari wangu mwenyewe mpaka mjini.

Mke wangu alisikiliza habari yote akiwa amesimama na mwiko mkononi. Kisha akakaa chini. Alicheka mpaka machozi, halafu akawa analia kweli. Alisema mama ameisubiri safari ile tangu yeye, bintiye, hajazaliwa. Nimeosha vyombo vyote bila kuambiwa.

Jumapili, 16 Juni

Mama amerudi. Uso umetakata. Amesema ziwa lina ndege weupe wengi, ukidhani mtu amemwaga chumvi. Amesema sasa anajua marehemu alikuwa anakwenda wapi.

Ameniita barazani, mimi na mke wangu, yaani binti yake. Nilikaa chini kabisa. Nilijua naambiwa gari ni la Taratibu. Kumbe hapana. Amesema kadi itaandikwa jina langu. Jumanne twende ofisini. Amesema kuharibu gari si kosa, hata marehemu aliharibu. Anachotaka ni kitu kimoja. Jambo likinishinda nimwambie, kwa mdomo wangu, saa hiyohiyo. Amesema yeye amenizaa kwa upande wa pili, na mtoto hamwonei mama yake haya hata akamwacha juani. Ila nikimficha tena, hatanigombeza, atampa Taratibu gari siku hiyohiyo.

Nimelia. Nimeapa. Nimemwambia mpaka habari ya vitunguu. Akasema vitunguu alijua tangu siku ya kwanza, dizeli ina harufu, alikuwa ananisubiri niseme.

Nimetoka pale mtu mpya.

Jumatatu, 17 Juni

Mtu mpya ameanza kazi. Nimempa Cheche maagizo. Koki ya pili ya kurudisha mafuta bado sitaki, hiyo ni ya Taratibu. Ila koki iliyopo nimeihamisha. Haipo tena chini ya kiti cha mbele. Mama anapenda kiti cha mbele, basi kiti cha mbele ni chake, akae kama malkia. Koki sasa iko nyuma kabisa, chini ya kile kiti kirefu, mahali ambapo mama hakai. Kosa lote lilikuwa mahali.

Nimeijaribu mara nyingi. Inaitikia.

Jumanne, 18 Juni

Naandika nikiwa kwenye usukani. Gari limesimama. Mjini, siyo uwandani. Tulikuwa tunakwenda ofisini kubadilisha kadi.

Asubuhi mama alikuja amevaa zile nguo za safari. Nikamfungulia mlango wa mbele. Akakataa. Amesema alikaa mbele siku ile akanipa taabu bure, kuanzia leo atakaa nyuma ili niwe huru. Amepanda nyuma. Amejiweka sawasawa katikati ya kile kiti kirefu, mkoba mapajani, kadi imo ndani ya mkoba.

Nikafikiri, ofisi ni karibu, tutafika. Hatukufika. Koki ilikuwa kushoto. Tangi la pili lilikuwa na matone tu.

Amesogea mbele kidogo, ameniuliza kuna nini, mwanangu. Kwa upole kabisa, ananitazama kwenye kioo. Nimefungua mdomo. Nilikuwa nayo maneno yote, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Halafu nikaona kanga imeshuka mpaka kwenye vifundo.

Nimesema nimesimama ili tutazame mandhari.

Mbele yetu kuna ukuta wa ghala la saruji. Mama ameutazama kwa muda mrefu. Ameniuliza tena, polepole, kama nina uhakika hakuna jambo. Nimesema hakuna, mama, na nikamwonyesha jinsi walivyoupaka rangi kule juu.

Sasa ametoa simu kwenye mkoba. Anampigia Taratibu. Namsikia akimwambia shemeji njoo hapa ghalani, tuelekee ofisini pamoja, na usisahau kitambulisho chako.

Mama ana akili sana. Kadi kubadilishwa jina lazima kuwe na shahidi, na mimi nilikuwa sijamtafuta.